Mfumo wa nafsi nyingi

Mfumo wa nafsi nyingi ni jumla ya nafsi mbili au zaidi zinazojitambua kuwa zinaishi katika mwili mmoja. Kila nafsi huitwa mwanachama. Inayouongoza mwili kwa wakati fulani ndiyo iliyoshika usukani.

Namna za kujipambanua

Kwa kuwa mwili ni mmoja, wanachama hutofautishwa na vile vinavyoweza kubadilishwa. Kila mmoja aweza kuwa na jina, umri na jinsia yake, hata kama havilingani na mwili. Mmoja hupenda gauni, mwenzake suruali. Wengine hujulikana kwa sauti, mwandiko au chakula wanachokitaka. Kazini, mifumo mingi hutumia jina moja ili kuepuka maswali.

Katika maandishi, mwanachama huweka jina, rangi au alama yake mwishoni mwa ujumbe. Programu ya PluralKit, itumikayo katika mtandao wa mazungumzo wa Discord, huonyesha jina na picha ya kila mwanachama ingawa akaunti ni moja. Kitabu When Rabbit Howls (1987) kilichapishwa kwa jina la "The Troops" kwa niaba ya Truddi Chase, yaani nafsi zake ndizo zilizotajwa kuwa mwandishi. Kwa msemaji wa Kiswahili, kiambishi a- hakibagui mwanamke na mwanamume; kinachobaki kuchaguliwa ni umoja au wingi: "nimefika" au "tumefika".

Uhusiano na pepo

Kupagawa na pepo kunafanana na hali hii. Mjini Unguja, pepo "hupanda kichwani" mwa mtu anayeitwa kiti chake, na pepo huyo hutambuliwa kwa kabila, lugha na matakwa yake: ruhani ni Mwarabu Mwislamu, kibuki ni Mkristo wa Bukini (Madagaska) anayetaka brandi. Tofauti ni kwamba pepo ni mgeni atokaye nje, ilhali mwanachama ni mwenyeji.

Mtazamo wa kitabibu

Mwaka 1980 mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-III, uliorodhesha hali ya kuwa na nafsi nyingi kama ugonjwa wa nafsi nyingi. Mwaka 1994 jina lilibadilishwa ili kusisitiza kugawanyika kwa utambulisho. Baadhi ya mifumo haijioni kuwa na ugonjwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ulioanza kutumika mwaka 2022, unaeleza kuwa kuwepo kwa nafsi zaidi ya moja si ugonjwa kila mara, na unatoa mfano wa waganga wa kiroho wanaokubalika katika jamii zao.