Rangi ya Kijani Katika Kipimo cha Damu

Mnamo mwaka 1885 Carl Liebermann, mwanakemia wa Kijerumani, alidhihirisha ya kwamba kolesteroli ikichanganywa na anhidridi ya asetiki, kisha ikadondoshewa tindikali kali ya sulfuriki, hubadilika rangi. Na Burchard, aliyeifuata kazi hiyo miaka michache baadaye, akaiyeyusha kwanza katika klorofomu, hata ikapatikana ile rangi ya kijani ambayo Bloor wa Marekani aliitumia mwaka 1916 kuipima kolesteroli ya damu.

Lakini rangi ile haikuwa shahidi mwadilifu. Takriban theluthi mbili za kolesteroli ya damu hazipo huru, bali zimefungamana na asidi za mafuta, na hizo hutoa kijani kilichokoza kuliko iliyo huru, ingawa kadiri yake ni moja. Tena damu ya mgonjwa ambaye nyongo imemwenea hata macho yakawa manjano huja na rangi yake yenyewe, ikamhadaa mpimaji.

Ndipo mwaka 1934, huko New York, Schoenheimer, aliyekuwa ameihama Ujerumani, pamoja na Sperry, walipotumia dijitonini, ambayo Windaus alikwisha kubainisha kuwa huigandisha kolesteroli huru ikashuka kama mashapo. Njia yao ilikuwa sahihi, ila yataka subira ambayo hospitali yenye wagonjwa wengi haina.

Kwa maoni yangu, sifa kubwa zaidi wanastahili Abell, Levy, Brodie na Kendall, ambao mwaka 1952 walitafuta njia ya kati. Walichukua nusu mililita ya seramu, wakaitia potasi iliyoyeyushwa katika alkoholi, wakaiacha katika joto la wastani kiasi cha saa moja mpaka vifungo vyote vya mafuta vikavunjika. Kisha wakaitikisa pamoja na etha ya petroli, ambayo huinyakua kolesteroli na kuyaacha maji na uchafu chini. Wakaikausha, na ndipo tu wakaitia dawa ya Liebermann na Burchard. Rangi ni ileile, lakini sasa ilitoka katika kolesteroli iliyokwisha kusafishwa, na yote i huru. Taasisi ya afya ya serikali ya Marekani huko Atlanta ikaifanya njia hiyo kuwa kadhi, yaani njia nyingine zote zipimwe kwayo.

Njia ya kloridi ya chuma ya mwaka 1953 ilikuwa ya haraka, wala haikukosa kasoro. Mwaka 1974 Allain na wenzake wakaleta vimeng'enya: kimoja hukata kifungo cha mafuta, cha pili huioksidisha kolesteroli, cha tatu huzaa rangi nyekundu, bila tindikali ya kuunguza vidole. Maabara nyingi zikaiacha chupa ya sulfuriki.

Basi tabibu asomaye maandiko ya zamani asizilinganishe tarakimu zake na za leo kabla ya kuuliza zilipatikana kwa njia gani.