Laki na Utata wa Namba Kubwa katika Kiswahili

Tuichukue namba 205,000. Mtu akiitamka "elfu mia mbili na tano", msikilizaji aweza kuandika 200,005, na sarufi haimkatazi. Namba hizi mbili hazina udugu wa karibu. Ya kwanza ni shufwa, nayo hugawanyika kwa 41. Ya pili ni witiri, zao la namba tasa 5, 13, 17 na 181. Tofauti kati yake ni 4,995, na katika hati ya mauziano hilo si jambo dogo.

Utata huu una historia. Mia na elfu tulizipokea kutoka Kiarabu, ambako idadi hutangulia neno la elfu. Kiswahili kilitwaa neno, kikauacha mpangilio: kama tusemavyo "vitabu vitatu", ndivyo tusemavyo "elfu tatu". Idadi ikija nyuma, hakuna mpaka ulio wazi baina ya kinachozidishwa na kinachojumlishwa.

Laki ndiyo iletayo mpaka huo. Asili yake ni Kisanskriti, na ilitufikia kwa biashara na Bara Hindi, ambalo rupia yake ilizoeleka pwani. Zanzibar ilitumia rupia hadi miaka ya 1930. Wapo waionao laki kuwa neno la sokoni tu, lisilofaa vitabuni. Sikubaliani nao. "Laki mbili na elfu tano" haina usomaji wa pili. Sharti ni kutoidondosha "elfu", maana mitaani "laki mbili na hamsini" ni 250,000, na utata hurejea palepale.