Ramani na Watoto wa Leparua

Wazee wetu wa Leparua waliijua nchi bila karatasi: Mlima Kenya u kusini, mto Ewaso Nyiro u kaskazini, nao hushuka mashariki hadi kinamasi cha Lorian. Lakini sheria ya wilaya maalumu ya mwaka 1934 iliwapa maofisa wa kikoloni mamlaka ya kuyagawa malisho kwa makabila. Mipaka ikatiwa katika ramani, na wenye mifugo wengi hawakuwa wamefundishwa kuisoma.

Kwa hiyo twawasihi walimu waanzie uwanjani: mtoto apime shule kwa hatua, achore kisima na njia ya ng'ombe, ndipo afunguliwe ramani ya Kenya. Mpaka ukichorwa tena, watoto wetu watauona na kuuhoji.