Kama Ingalikuwa Kimvita: Waa na Njia Panda ya Kiswahili Sanifu

Utangulizi

Sarufi ya Kiswahili imempa mwanahistoria viambishi viwili ambavyo havitumii vya kutosha. Kwa mujibu wa sarufi za jadi, -nge- huashiria jambo ambalo bado lingewezekana, ilhali -ngali- huashiria jambo ambalo mlango wake umekwisha fungwa. Katika mazungumzo ya kila siku mpaka huu umefifia, lakini tofauti yenyewe haijapoteza maana. Kwa upande mwingine, wahenga walituonya kwamba ningalijua huja nyuma, yaani anayesema -ngali- huwa amechelewa. Swali ni hili: je, kuna elimu yoyote katika kuchelewa huko, au ni majuto tu?

Wanataaluma hawajakubaliana. E. H. Carr, katika kitabu chake cha 1961 kuhusu maana ya historia, aliyaona masuala ya namna hii kuwa ni mchezo wa barazani usiomhusu mwanahistoria. Kwa upande wa fasihi, Aristotle alikwisha dai katika Poetics kwamba mwanahistoria husimulia yaliyotokea na mshairi husimulia yawezayo kutokea. Kwa kauli hizo mbili, -ngali- ingeachiwa watunzi peke yao. Makala haya yanashikilia msimamo tofauti. Historia ya yale yasiyotokea ni halali na yenye manufaa iwapo itatimiza masharti mawili: kwanza, njia isiyofuatwa iwe ilikuwa wazi mbele ya macho ya watu wa wakati ule, pili, matokeo yake yapimwe hata kwa wale ambao hawakuwamo katika baraza la uamuzi. Mfano utakaochunguzwa ni uteuzi wa lahaja ya msingi wa Kiswahili sanifu, na mahali pa kuutazamia ni Waa, katika wilaya ya zamani ya Kwale, ambayo leo ni kaunti.

Njia panda ya 1928

Kabla ya 1928, Kiswahili cha maandishi ya Kilatini kilikuwa na vituo viwili. Cha kwanza kilikuwa Mombasa na Rabai, ambako Krapf na Rebmann wa Church Missionary Society walifanya kazi tangu miaka ya 1840. Kamusi ya Krapf, iliyotoka 1882, iliegemea Kimvita. W. E. Taylor wa shirika hilohilo alikusanya methali na tungo za Mombasa kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. Kituo cha pili kilikuwa Unguja, ambako Edward Steere wa misheni ya UMCA alichapisha sarufi yake mwaka 1870. Hivyo basi, kila upande ulikuwa na vitabu, walimu na watetezi.

Mkutano wa 1928 ulioamua suala hili ulifanyika Mombasa kwenyewe, na miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo mtaalamu wa lugha za Kibantu kutoka Ujerumani, Carl Meinhof. Uamuzi ukawa kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya maeneo manne, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ikaanza kazi chini ya ukatibu wa Frederick Johnson. Kamusi zake zikatoka 1939. Kwa maneno mengine, Kimvita kilishindwa nyumbani kwake.

Hoja za Kiunguja hazikuwa dhaifu. Kilikuwa kimesafiri na misafara ya biashara hadi Ujiji na Kongo ya mashariki, na utawala wa Kijerumani ulikuwa umekitumia Kiswahili cha namna hiyo katika shule na ofisi za Tanganyika. Lakini hoja hizo hazikuufanya uamuzi kuwa wa lazima. Mombasa ilikuwa bandari na mwanzo wa reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, nayo ilikuwa na hazina ya ushairi ambayo hakuna aliyeikana. Aidha, watetezi wa Kimvita walikuwapo na walisikika. Sharti la kwanza limetimia: njia ya pili ilionekana, ikajadiliwa, ikaachwa.

Njia panda iliyotangulia

Mwenye kuuliza -ngali- kwa uaminifu hawezi kusimama mwaka 1928. Kiunguja kilisafiri bara kwa sababu Unguja ilikuwa makao ya mamlaka, na Unguja ilipata mamlaka hayo, kwa sehemu, kwa kuishinda Mombasa. Mnamo 1824 Mazrui wa Mombasa, wakitishwa na Seyyid Said wa Omani, walijiweka chini ya bendera ya Uingereza kwa makubaliano na Nahodha Owen. Serikali ya London haikuyaidhinisha, na kufikia 1826 ulinzi huo ulikuwa umeondolewa. Mwaka 1837 Mombasa iliangukia mikononi mwa Seyyid Said. Muyaka bin Haji, mshairi mkuu wa Mombasa ya Mazrui, aliishi katikati ya misukosuko hiyo.

Baada ya kushindwa, tawi moja la Mazrui lilikwenda Takaungu na jingine Gasi, kusini mwa Waa. Kutoka huko Mbaruk bin Rashid alipambana na utawala wa Unguja kwa miaka mingi, kisha na Waingereza mwaka 1895, hadi alipovuka mpaka na kuingia eneo la Wajerumani mwaka 1896. Pwani ya kusini, basi, ndiyo iliyobeba mabaki ya historia ambayo haikufaulu. Kama London ingaliyaidhinisha makubaliano ya Owen, huenda misafara ingalitoka Mombasa kwa wingi zaidi, na mwaka 1928 pengine kusingalikuwa na jambo la kujadili. Neno "huenda" hapa si la kujihami. Ndiyo mipaka ya mbinu yenyewe, kwa kuwa kadiri tunavyorudi nyuma, ndivyo mambo mengi zaidi yanavyobadilika pamoja na lile moja tunalolibadilisha sisi.

Mtazamo kutoka Waa

Malalamiko kuhusu 1928 kwa kawaida husemwa kwa sauti ya Mombasa: jiji lenye ushairi mkongwe lilinyang'anywa haki yake. Ukivuka Likoni na kushuka kusini hadi Waa, suala linabadilika sura. Waa ni nchi ya Wadigo, na kaya yake ni mojawapo ya kaya za Mijikenda. Wadigo si wageni wa Mombasa. Mahusiano yao na Thelatha Taifa ni ya karne nyingi, na Uislamu wao ulipitia miji ya pwani. Hata hivyo, lugha yao ni Kidigo, si Kimvita.

Ulinganisho mdogo wa sauti unatosha kuonyesha hali ilivyo. Kiunguja husema macho na nchi. Kimvita husema mato na nti. Kidigo husema matso na tsi. Mtoto wa Waa aliyeingia darasani alilazimika kuiacha ts yake kwa vyovyote vile. Kama ingalikuwa Kimvita, angaliiacha kwa ajili ya t ya jirani aliyemzoea sokoni na msikitini, na huenda kujifunza kungalikuwa kwepesi. Lakini wepesi huo una gharama. Lugha sanifu iliyo mbali hueleweka kuwa ni lugha ya shule. Lugha sanifu iliyo jirani hurahisisha dai kwamba lugha ya nyumbani ni makosa ya matamshi tu. Inawezekana kabisa kwamba Kimvita sanifu kingalikimeza Kidigo upesi zaidi kuliko Kiunguja. Ushindi wa Mombasa usingalikuwa lazima ushindi wa Waa.

Athari kwa fasihi

Kwa upande wa fasihi, hasara za 1928 ni za kweli na zinaweza kuonyeshwa. Tungo za Muyaka zilipochapishwa na Hichens mwaka 1940, lahaja yake ilikuwa tayari jambo la kufafanuliwa kwa msomaji wa shule. Mshairi wa Kimvita akipatanisha kina cha mato na moto, mhariri anayemsanifishia neno la kwanza kuwa macho huwa amevunja shairi, si kulisahihisha. Kama ingalikuwa Kimvita, vina hivyo vingalisomwa bila tanbihi.

Lakini mizani ina upande wa pili. Shaaban Robert, mzaliwa wa pwani ya Tanga, na Muhammad Said Abdulla wa Unguja wangaliingia katika chumba cha mhariri kama watu wa pembeni. Huenda nathari ya Kiswahili ya karne ya 20 ingalichelewa au ingalichukua umbo jingine. Wakati huohuo, Abdilatif Abdalla alitunga Sauti ya Dhiki gerezani kati ya 1969 na 1972 kwa Kimvita, diwani ikachapishwa 1973, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Tukio hilo linadhihirisha kwamba uamuzi wa kamati ulipunguza nafasi ya lahaja, haukuua uwezo wake.

Hitimisho

Uchunguzi huu unaonyesha kwamba swali la ni lahaja ipi ilistahili kushinda ni dogo kuliko linavyoonekana. Lahaja yoyote ambayo ingaliteuliwa ingaligeuza nyingine kuwa "lahaja" kwa maana ya upungufu. Kilichokuwa wazi mwaka 1928, na ambacho bado ki wazi, ni namna ya kusanifisha: kuwa na msingi mmoja wa mawasiliano bila kuyahesabu mengine kuwa makosa. Hapo -ngali- inageuka kuwa -nge-. Kamusi ingeweza kuingiza mato na nti kama maneno ya Kiswahili yenye historia. Mhariri angeweza kuviacha vina vya mshairi. Mwalimu wa Kwale angeweza kutumia matso, mato na macho kama somo la undugu wa lugha badala ya kupiga mstari mwekundu.

Kwa mhakiki wa fasihi, jukumu liko karibu zaidi. Kila anaposoma utungo wa lahaja na kutafuta "neno sahihi" lililokusudiwa, anaurudia uamuzi wa 1928 bila kujua kwamba ulikuwa uamuzi. Kujua kwamba mambo yangaliweza kuwa vingine hakumrudishii Muyaka mji wake, wala hakukitoi Kidigo katika kivuli cha majirani zake. Kunamnyima tu msomaji kisingizio cha kudhani kwamba lugha anayosomea iliteremka ikiwa imekamilika.