Dakika Tatu kwa Upande: Santuri, Mkonge na Msikilizaji wa Korogwe na Handeni, 1964–1967

Mwaka 1963 Reli ya Kati iliunganishwa na reli ya Tanga kwa njia mpya iliyotoka Ruvu hadi Mnyusi, katika wilaya ya Korogwe. Kuanzia hapo, abiria aliyepanda treni Dar es Salaam au Morogoro aliweza kufika Korogwe na Tanga kwa reli moja kwa moja. Sijaona Mnyusi ikitajwa katika maandishi yanayohusu muziki wa dansi, na kutotajwa huko si bahati mbaya. Tumezoea kuandika historia ya muziki wa miaka ya sitini kwa kufuata bendi na studio zilizozirekodi, kwa hiyo tunakwenda Dar es Salaam, Morogoro, Tanga, Mombasa na Nairobi. Mahali santuri hizo zilikosikilizwa tunapapita tu. Makala hii inadai kwamba muziki uliorekodiwa katikati ya miaka hiyo hauelezeki vya kutosha kwa kuorodhesha wasanii na albamu zao. Inatupasa kuuliza kwanza nani alikuwa na mshahara, nani alikuwa na mashine ya kupigia santuri, na nani alikuwa na redio. Kwa maswali hayo, Korogwe na jirani yake Handeni ni ushahidi mzuri kuliko mji mkuu.

Tuanze na albamu yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayotupotosha. Kati ya Agosti 1965 na Mei 1966 zilitoka Highway 61 Revisited ya Bob Dylan, Rubber Soul ya The Beatles na Pet Sounds ya The Beach Boys. Tangu hapo wahakiki wa Ulaya na Marekani wamekubaliana kwamba LP, sahani kubwa ya nyimbo nyingi, ilikoma kuwa mkusanyo wa nyimbo zilizokwisha kuuzwa moja moja, ikawa kazi kamili yenye mwanzo na mwisho. Kipimo hicho kimesafiri. Mtu akisikia leo kwamba bendi za Tanzania kama NUTA Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz au Atomic Jazz walirekodi mwaka 1965, swali lake la kwanza ni: albamu gani? Jibu la kweli ni kwamba swali halina mahali pa kukaa. Kwa bendi hizi, kitu kilichouzwa dukani kilikuwa sahani ndogo yenye wimbo mmoja kila upande, dakika tatu hivi kwa wimbo. Albamu tunazozishika mkononi leo zilikuja baadaye sana, na mbali. The Tanzania Sound ilitolewa Marekani mwaka 1987. Ngoma Iko Huku, yenye nyimbo za Salum Abdallah na Cuban Marimba, ilitolewa Ujerumani mwaka 2000. Toleo la tatu la mfululizo wa Zanzibara, lililopewa jina la Ujamaa, lilitoka Ufaransa mwaka 2007. Salum Abdallah mwenyewe alikuwa amekwisha kufa kwa ajali ya gari tangu 1965.

Sina ugomvi na wahariri wa makusanyo hayo. Bila wao nyimbo nyingi zingebaki majina tu midomoni mwa wazee. Lakini wamezipa nyimbo hizo mpangilio ambao hazikuwa nao. Nyimbo ishirini zikipangwa pamoja, zikasafishwa sauti na kuambatanishwa na kijitabu cha maelezo, zinaanza kuonekana kama mkondo mmoja uliokuwa ukielekea mahali fulani. Msikilizaji wa mwaka 1965 hakuupata mkondo. Alipata sahani moja, tena baada ya miezi kadhaa alipata nyingine, ya bendi nyingine, labda ya Kongo.

Na kuipata sahani hakukuwa na maana ya kuisikia. Hapa pana suala la ufundi ambalo wanahistoria wetu wamelichukulia kwa wepesi mno. Santuri za zamani zilizunguka mara 78 kwa dakika, zilikuwa nzito na zenye kuvunjika upesi, lakini zilipigwa kwa gramafoni ya mkono. Mashine hiyo haikutaka umeme wala betri, ila mkono wa kuizungusha na sindano ya chuma. Ndiyo iliyosambaza rumba ya Kuba katika Afrika Mashariki kupitia santuri za mfululizo wa GV kuanzia miaka ya thelathini, na ndiyo iliyowafundisha wapiga gitaa wengi mitindo ambayo hawakupata kuiona ikipigwa. Katika miaka ya sitini santuri hizo zilipisha njia kwa sahani ndogo za plastiki zinazozunguka mara 45. Sahani mpya ilikuwa nyepesi, haikuvunjika kwenye gunia, na sauti yake ilikuwa safi. Lakini gramafoni ya mkono haikuifaa: mwendo si wake, na uzito wa sindano ya chuma ungeikwangua hadi iharibike. Aliyetaka kuisikia alihitaji mashine ya umeme au ya betri.

Kwa mji wenye umeme mabadiliko hayo yalikuwa maendeleo. Kwa kijiji cha Handeni yalikuwa kufungwa kwa mlango. Gramafoni iliyokuwa ikichezesha harusi ikabaki na santuri zake zilezile za zamani, huku nyimbo mpya zikitoka katika umbo ambalo haikuweza kulipiga. Mwaka 1964 kituo cha umeme wa maji cha Hale kilianza kazi kwenye Mto Pangani, ndani ya Korogwe, chenye uwezo wa megawati 21. Nyaya zake zilielekea kwanza kwenye viwanda, mashamba makubwa na miji, wala hazikuwa na haraka ya kwenda vijijini.

Kilichoingia katika pengo hilo ni redio ya transista. Mwaka 1965 shirika la utangazaji lililorithiwa kutoka ukoloni liliwekwa chini ya serikali moja kwa moja, likaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ziliingia studio yake ya Barabara ya Pugu kurekodi kwenye kanda kwa ajili ya matangazo, si kwa ajili ya kuuza sahani. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, hivyo kanda ya redio ikawa njia pekee ya kurekodi bila kuvuka mpaka. Nadhani hili halijapewa uzito wake. Kwa msikilizaji wa Mkata au Kwediboma katika Handeni ya wakati huo, wimbo haukuwa mali ya kununua. Ulikuwa tukio la saa fulani, lililotanguliwa na majina ya watu waliotuma salamu. Wimbo ukapimwa kwa jinsi ulivyobeba salamu hizo: ulihitaji maneno yanayosikika tangu mara ya kwanza na kisa kinachofahamika kabla betri haijachoka.

Sasa twende kwenye mshahara. Mwanzoni mwa miaka ya sitini Tanganyika ilikuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge kuliko nchi yoyote duniani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na ukanda wa reli kutoka Tanga kupita Muheza, Korogwe hadi Mombo ulikuwa moyo wake. Makambi ya Korogwe hayakujazwa na Wasambaa, Wazigua na Wabondei peke yao. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliletwa kutoka Kigoma, nyanda za juu za kusini, Burundi na Msumbiji, wakifanya kazi kwa kipande, kadi ya siku thelathini ambayo ikijaa ndipo mtu analipwa. Mtu aliyejaza kipande alikuwa na kitu ambacho jirani yake mkulima wa Handeni hakuwa nacho kwa uhakika: fedha taslimu, tena kwa tarehe inayojulikana. Dansi huenda palipo na fedha ya namna hiyo. Yeyote aliyewahi kushughulika na bendi anajua kwamba ratiba ya ziara hupangwa kwa kuangalia kalenda ya mishahara.

Uhusiano wa wafanyakazi hao na muziki ulikwenda mbali zaidi ya kiingilio cha mlangoni. Mashamba ya Korogwe yalikuwa na historia ya migomo. Ule wa Mazinde wa 1958 unajulikana kwa kila mwanafunzi wa historia ya vyama vya wafanyakazi. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 serikali ilivivunja vyama hivyo na kuunda kimoja, NUTA, ambacho ada yake ilikatwa na mwajiri kabla mshahara haujafika mkononi. Mwaka huohuo chama kikaanzisha bendi yake, NUTA Jazz, iliyokuwa na waimbaji kama Muhiddin Maalim Gurumo. Wanamuziki walilipwa mshahara wa mwezi, na vyombo vilikuwa mali ya chama. Huwa tunaieleza bendi hiyo kama zao la siasa ya utamaduni ya serikali, na ni kweli. Lakini fedha za chama zilitoka wapi? Wafanyakazi wa mashambani walikuwa sehemu kubwa ya nguvu kazi yenye mshahara nchini. Siwezi kuepuka kusema kwamba mkata mkonge wa shamba la Magunga, Korogwe, alichangia gitaa la Dar es Salaam, awe aliwahi kulisikia au la.

Mchanganyiko wa makambi unaeleza pia lugha ya nyimbo hizo. Jamhuri Jazz ya Tanga ilianza katika miaka ya hamsini kwa jina la Young Nyamwezi, jina la wageni waliokusanyika ugenini kwa kabila lao. Jina jipya lilikwenda na siasa za wakati, lakini lilikwenda na biashara vilevile: bendi inayotaka kupigia watu wa makabila kumi katika kambi moja haiwezi kujiita ya kabila moja. Kiswahili cha nyimbo za dansi za wakati huo kina wepesi ambao wahakiki wa ushairi wa pwani wameudharau. Hakina vina vya kubana wala mafumbo ya mjini Tanga, ambako katika miaka hiyohiyo vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star vilikuwa vikiingiza gitaa na besi katika utungo wenye adabu zake za kale. Mimi siuoni wepesi huo kama upungufu. Mtu wa Kigoma aliyejifunza Kiswahili kambini alihitaji wimbo wa safari, wa barua isiyojibiwa, wa mke aliyeachwa nyumbani, na alihitaji kuuelewa bila kuwa na babu mshairi.

Hapa msomaji makini atanikumbusha Handeni. Ukiondoa sehemu kama Kabuku, palipokuwa na mpango wa makazi na kilimo cha mkonge, wilaya hiyo haikuwa nchi ya mishahara. Ilikuwa ya wakulima wanaotegemea mvua isiyotabirika, na ngoma yao ya selo haikungoja santuri yoyote. Je, si kuikuza Handeni kuliweka jina lake katika historia hii? Nakubali kwamba kwa mauzo ya sahani isingehesabiwa. Lakini Handeni ilikuwa njiani. Barabara ya zamani kutoka Korogwe kwenda Morogoro ilipita Handeni, Mziha na Turiani, na Morogoro ya wakati huo ndiko zilikokuwa Cuban Marimba, iliyoongozwa na Juma Kilaza baada ya Salum Abdallah, na Morogoro Jazz, ambamo kijana Mbaraka Mwinshehe alikuwa akianza kujulikana. Kwa upande wa mashariki kulikuwa na bendi za Tanga. Handeni ilikaa katikati ya vituo viwili vikubwa vya dansi bila kuwa na umeme wala studio. Ndiyo maana inatufaa: inatuonyesha muziki huu ulifikaje mahali ambapo soko la santuri halikufika. Ulifika kwa redio, na kwa vijana waliorudi kutoka mkongeni na nyimbo kichwani.

Kuhusu studio nitasema machache, kwa kuwa wengine wamesema mengi. Sahani za bendi za Tanzania zilifyatuliwa Kenya, na kwa watu wa Tanga duka la Assanand la Mombasa, lenye nembo ya Mzuri, lilikuwa karibu kuliko Dar es Salaam. Nairobi kulikuwa na studio ya Equator, nyumba ya Fadhili William na Daudi Kabaka. Wimbo wa Kabaka wa Helule Helule ulirudiwa na kundi la The Tremeloes na kuingia katika chati za Uingereza mwaka 1968, jambo linaloonyesha kwamba sahani ya dakika tatu iliweza kwenda mbali bila kusubiri LP. Juni 1966 Tanzania ilianza kutumia shilingi yake, na sahani iliyotoka Mombasa ikawa bidhaa ya fedha nyingine.

Pigo kubwa zaidi lilitoka kwenye nyuzi za viwandani. Bei ya mkonge ilianza kuanguka baada ya 1964 kwa ushindani wa nyuzi za plastiki. Mashamba yakapunguza watu, na Oktoba 1967 serikali ikataifisha sehemu kubwa ya yaliyobaki. Vijana wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walikuwa wamejiunga na Jamhuri Jazz mwaka 1966, fedha ya mkonge ikiwa tayari inapungua. Mwaka 1970 walihamia Arusha na mwaka uliofuata wakavuka kwenda Kenya, ambako bendi yao ikaitwa Simba Wanyika. Huko Nairobi ndiko walikopata kampuni na wanunuzi wa kutosha, na huko ndiko jina lao lilikoanza kuandikwa kwenye majalada ya LP.