Milimita Tano Zilizowavuruga Askari wa Marekani

Wadau, muvi za kikauboi tumeziangalia sana. Jamaa anachomoa bastola, paa, mtu chini. Ila nyuma ya ule mlio kulikuwa na ishu moja muvi haikwambii: ganda la risasi linabeba baruti kiasi gani?

Enzi hizo ilitumika baruti nyeusi, ile inayotoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Haina ujanja, ukitaka nguvu unajaza nyingi. Tena ilitakiwa ishindiliwe kidogo, usibaki uwazi chini ya kichwa cha risasi. Kwa hiyo ukubwa wa ganda ndo ulikuwa unaamua.

Mwaka 1873 jeshi la Marekani likachukua bastola ya Colt, yenye risasi ya .45 Colt. Ganda lake lina urefu wa karibu milimita 33 na mwanzoni lilijazwa baruti gramu 2.6. Noma! Teke lake mkononi si la kitoto, jeshi lenyewe likapunguza mpaka gramu 1.9 hivi.

Mwaka 1875 ikaingia Smith & Wesson Schofield. Kwa mtu aliye juu ya farasi hii ilikuwa raha: unaikunja, maganda yote sita yanaruka kwa mpigo. Colt unatoa moja moja. Tatizo, silinda ya Schofield ni fupi, ikabidi iwe na risasi yake: ganda milimita 28, baruti gramu 1.8.

Sasa balaa likaanzia hapo. Risasi fupi inaingia kwenye Colt bila shida, ila ndefu ukiitia kwenye Schofield inachomoza mbele na silinda haizunguki. Piga picha uko vitani, unafungua boksi la risasi, zote ndefu! Bastola yako ni bora kuliko ya mwenzako (kwa maoni yangu lakini) na haina kazi.

Jeshi likaona isiwe tabu, likatengeneza fupi itumike kote kote. Ukipiga hesabu, kati ya gramu 1.9 na 1.8 walipoteza nini? Schofield zenyewe baadaye ziliuzwa kwa raia.

Wapenzi wa ile ndefu hawakuiacha, na mpaka leo wengi wanaiita .45 Long Colt, ili isichanganywe na ile fupi.