Ngozi Iliyokuwa Ikitupwa

Mzazi anapoambiwa kwamba mwanawe ana hipospadia, agizo la kwanza la daktari huwa fupi: mtoto asitahiriwe. Kwa familia ya pwani iliyozoea kumtahiri mtoto angali mchanga, au kwa ukoo wa bara unaomsubiri afikie umri wa jando, agizo hilo huzua maswali. Babu atataka kujua kwa nini, na mashangazi watanong'onezana. Lakini agizo hilo limegharimu karibu miaka 2,000 ya majaribio, na kwa sehemu kubwa ya muda huo madaktari walikuwa wakikata na kutupa.

Hali yenyewe huanza tumboni. Mrija wa mkojo wa mtoto wa kiume hujifunga taratibu kuanzia kwenye shina la uume kuelekea kichwani, takriban kati ya wiki ya 8 na ya 16 ya ujauzito. Ufungaji huo usipokamilika, tundu la mkojo hubaki upande wa chini: pengine chini kidogo ya kichwa cha uume, pengine katikati, pengine huko nyuma kwenye pumbu. Mara nyingi uume hupinda kuelekea chini unaposimama, na govi hujaa upande wa juu tu, chini likakosekana. Hutokea kwa mtoto mmoja katika kila watoto wa kiume 200 hadi 300 hivi. Homoni na urithi vina mchango wake, ingawa kwa watoto wengi chanzo hakipatikani. Mama hana kosa hapa. Nalisema waziwazi kwa sababu wako kina mama wanaobebeshwa lawama hiyo miaka nenda miaka rudi.

Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, aliitambua hali hii na akaona jambo ambalo wengi baada yake hawakuliona. Alieleza kwamba mwanamume mwenye uume uliopinda hivyo hakosi mbegu. Kinachozuia mimba ni kule kupinda, kwani mbegu hazifiki zinakotakiwa kufika. Unyooshe uume, naye ataweza kuzaa. Katika enzi ambayo mwili ulielezwa kwa nadharia ya majimaji manne, hoja hiyo ilikuwa sahihi kabisa.

Tiba, hata hivyo, ilikuwa ya kutisha. Heliodorus na Antyllus, madaktari wa upasuaji wa karne za mwanzo baada ya Kristo, walifundisha kuikata sehemu yote ya mbele iliyolipita tundu, kisha kilichobaki kikachongwa kifanane na kichwa cha uume. Kwa maneno mengine, tundu halikuletwa mbele, bali uume ulifupishwa hadi lilipo tundu. Damu ikigoma kukoma, palichomwa kwa chuma cha moto. Mbinu hiyo iliwezekana tu pale tundu lilipokuwa karibu na ncha. Likiwa nyuma zaidi, hapakuwa na msaada.

Karibu mwaka 1000, al-Zahrawi wa Cordoba, katika kitabu chake kikubwa cha tiba, Kitab al-Tasrif, aliandika maelekezo ambayo bado yana ukatili lakini yana mkono mwepesi zaidi: kichwa cha uume kichongwe kwa kisu kikali kama mtu anayechonga kalamu ya kuandikia, mpaka tundu liangukie katikati. Mnamo 1465, Şerafeddin Sabuncuoğlu wa mji wa Amasya, katika nchi ya Waturuki, alikamilisha kitabu cha upasuaji kilichoegemea sana kazi ya al-Zahrawi, akaongeza michoro ya rangi inayomwonyesha mganga na mgonjwa kazini. Tiba ya kuchonga ilidumu karne nyingi namna hiyo, ikipokezana mikono ya watu hodari ambao hawakuwa na njia nyingine.

Ulaya nako, inasimuliwa kwamba Mfalme Henri II wa Ufaransa alikuwa na hali hii. Alimwoa Catherine de' Medici mwaka 1533, wakakaa zaidi ya miaka kumi bila mtoto, na minong'ono ya ikulu ikamwelemea mke. Kisha, kuanzia 1544, walizaa watoto kumi. Daktari Jean Fernel ndiye anayetajwa kuwapa ushauri. Hata kama hadithi imekolezwa chumvi kidogo, inaonyesha jinsi lawama ilivyoangukia upande uleule unaoangukiwa hadi leo.

Wazo la kujenga mrija mpya, badala ya kupunguza uume, lilishika mizizi katika karne ya 19. Huko Berlin, katika miaka ya 1830, Johann Friedrich Dieffenbach alitoboa kichwa cha uume kwa chombo chembamba na kuacha kijimrija ndani, akitumaini kwamba njia ile itajitandikia ngozi yenyewe. Haikukubali; kidonda kilichotobolewa hupenda kuziba. Baada ya nusukaputi ya etha kuonyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, madaktari wangeweza kufanya kazi polepole bila mgonjwa kupiga mayowe, na hapo ndipo ufundi ulipoanza kukua. Karl Thiersch alionyesha mwaka 1869 namna ya kukunja ngozi ya uume yenyewe iwe mrija. Simon Duplay wa Paris, mwaka 1874, akagawa kazi katika hatua: kwanza unyooshe uume, kisha ujenge mrija, mwishowe uunganishe mrija mpya na wa zamani.

Duplay aliacha pia neno ambalo lilikuja kuzaa matunda baadaye sana. Alidai kwamba si lazima mrija ufungwe kabisa pande zote. Ukiufunika vizuri kwa ngozi ya nje, mwili utamalizia wenyewe.

Wengi hawakuamini. Kwa miaka mingi watu walihangaika na ngozi ya mapajani, ya pumbu, hata utando wa kibofu. Ngozi yenye vinyweleo iliendelea kuotesha nywele ndani ya mrija, na nywele zikakusanya chumvi za mkojo hadi zikawa mawe. Pamoja na hayo kulikuwa na fistula, yaani kitundu kinachofumuka kando ya mshono na kuvujisha mkojo, adui ambaye hadi leo hajashindwa kabisa. Mbinu zilizoandikwa zimepita 300, na wingi huo wenyewe unatosha kukwambia kwamba hakuna hata moja iliyotosheleza.

Mwaka 1949, Denis Browne wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, alilirudia wazo la Duplay. Aliacha utepe wa ngozi upande wa chini wa uume, akaufunika bila kuukunja, akaruhusu mwili ujenge upande uliobaki. Ili ngozi ya juu isivutike na kufumuka, alichana mgongoni mwa uume kupunguza mvuto, na nyuzi zake akazishikiza kwa shanga za kioo na vipande vidogo vya aluminiamu ili zisizame nyamani. Ni kazi ya mtu aliyetazama kidonda kwa muda mrefu kabla ya kushika kisu.

Kupinda nako kulikuwa na fumbo lake. Mtoto aliyelala kwa nusukaputi hasimamishi uume, kwa hiyo daktari alikuwa akikisia tu kama ameunyoosha. Mwaka 1974, madaktari Gittes na McLaughlin walieleza jambo jepesi: funga shina kwa muda, dunga maji ya chumvi, uume utasimama palepale mezani na ukweli utaonekana. Sidhani kama kuna uvumbuzi mwingine katika historia hii uliokuwa rahisi kiasi hicho na wenye faida kubwa kiasi hicho.

Kisha govi likapata heshima yake. John Duckett wa Philadelphia, mwaka 1980, alieleza namna ya kuichukua ngozi ya ndani ya govi pamoja na mishipa yake ya damu, kuizungusha hadi chini ya uume na kuishona iwe mrija kwa operesheni moja. Ngozi hiyo ni laini, haina nywele, na imezoea unyevunyevu. Kwa fundi, ndicho kitambaa kilichobakizwa makusudi pembeni ya vazi kwa ajili ya kiraka.

Mwaka 1994, Warren Snodgrass wa Texas alitoa mbinu inayotumika zaidi leo. Upande wa chini wa uume, kutoka kwenye tundu hadi kichwani, kuna utepe wa nyama laini, yaani mrija ambao haukujifunga. Zamani ulikatwa na kutupwa kwa imani kwamba ndio unaoupindisha uume. Snodgrass aliuchana katikati kwa urefu. Ukatanuka, ukaweza kukunjwa kuzunguka kijimpira chembamba na kushonwa kwa uzi usiofika hata sehemu moja ya kumi ya milimita, daktari akitazama kwa miwani ya kukuza. Pale palipochanwa, mwili hupaziba kwa utando mpya. Juu ya mshono huwekwa tabaka la nyama laini, na mara nyingi tabaka hilo hutolewa kwenye govi. Siku hizi operesheni hii hufanywa zaidi kati ya miezi 6 na 18, na kijimpira hukaa karibu wiki moja.

Kwa hali nzito, na kwa waliokwisha kutahiriwa, kuna njia ya Aivar Bracka, daktari wa Uingereza ambaye mwaka 1989 alichapisha majibu ya wanaume waliofanyiwa upasuaji utotoni. Walimweleza kwamba sura ya uume ilikuwa na uzito kwao kama kazi yake. Mbinu yake ina hatua mbili: utando mpya hupandikizwa kwanza, hungojewa miezi sita hivi ukomae, ndipo ukunjwe kuwa mrija. Govi likiwepo, utando hutoka humo. Lisipokuwepo, hutolewa ndani ya shavu au mdomo wa chini, kama Graham Humby alivyojaribu tangu 1941, na mtoto hula uji kwa siku chache mpaka kinywa kipone.